Mashine ya boti la tanga Ziwa Nyasa: utengeneze tustroki yako, ununue fostroki ndogo, au ufunge mkia mrefu?

Msimu wa upepo wa kusini ukikaribia, napata simu zilezile kila mwaka kutoka kwa watu wa Mbeya mjini wenye boti Matema, kule wilayani Kyela ufukweni mwa ziwa. Mashine imeanza kusumbua. Je, waitengeneze ile tustroki ya kuchanganya oili waliyoikuta na boti, wanunue fostroki mpya, ambayo oili yake hukaa peke yake tumboni, au wafunge mkia mrefu, yaani injini ya pampu ya umwagiliaji kwenye bomba refu lenye pangaboi mwishoni? Ya kwanza nimeitumia miaka saba. Ya pili ninayo mwaka wa tatu sasa. Ya tatu niliazima kwa wiki mbili, zikanitosha.

Boti langu ni la mbao, mita 6, tanga moja, makasia mawili. Ninayosema hapa ni ya boti la namna hiyo. Anayebeba abiria, au anayetoka usiku kuvua usipa kwa mashine tupu, ana hesabu nyingine kabisa, kwa sababu mashine yake ikifa hana kitu cha kutweka.

Hosipawa ngapi?

Nianze hapa kwa sababu wengi wanakosea kabla hata ya kuchagua aina. Boti la mbao la mita 6 halipandi juu ya maji kama yale ya plastiki. Linapasua maji, na likifika kilomita 10 au 11 kwa saa linaanza kukaa kwa tezi (nyuma) na kuinua omo (mbele). Ukiongeza mafuta zaidi ya hapo unanunua kelele na mawimbi. Hosipawa 5 au 6 zinalifikisha kwenye mwendo huo maji yakiwa yametulia. Nilipokuwa na hosipawa 15 nilikuwa nabeba farasi tisa wasio na kazi, na wote walikuwa wanakunywa.

Kwa hiyo ulinganisho wa haki si tustroki ya 15 na fostroki ya 15. Ya kwanza ina uzito wa karibu kilo 36 hadi 40, ya pili mara nyingi ni kilo 45 hadi 50 na zaidi, na huo uzito unauning'iniza nyuma kabisa ya boti jepesi. Linganisha tustroki uliyonayo na fostroki ya 6, yenye kilo kati ya 25 na 28. Mtu mmoja anaibeba begani toka kwenye gari hadi majini bila kuita vijana.

Na uangalie mguu, yaani ile sehemu inayoingia majini na kushika pangaboi. Mashine huja na mguu mfupi, kama sentimita 38, au mrefu, kama 51. Boti la tanga linahitaji mrefu, maana linalala upande na kupiga mbizi kwa omo. Mguu mfupi unatoka majini kila wimbi, pangaboi linazunguka hewani na injini inalia kama mbuzi. Nimewaona watu wakilaumu kabureta miezi miwili, kumbe mguu ni mfupi.

Siku ya Ikombe

Agosti moja tulikuwa tunarudi Matema kutoka Ikombe, mimi na kijana mmoja wa pale, tumepakia vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa pale, kwa ajili ya soko. Saa nane mchana. Upepo wa kusini, ule ambao upande wa Malawi wanauita mwera, ulikuwa umeshaamka, na sisi kwa uvivu tulikuwa tumekunja tanga tunakwenda kwa mashine, karibu na mawe kuliko ilivyotakiwa. Mashine ikaanza kusinzia. Ikafa.

“Kaka, tupa nanga!” Nikatupa. Kamba ya mita 30 ikashuka yote, ikaning'inia wima kama kamba ya kisimani. Chini ya Milima ya Livingstone ziwa halina ufuko wa kuteremka polepole. Mlima unaendelea kushuka chini ya maji vilevile unavyoshuka juu yake, na hili ni ziwa ambalo katikati yake lina kina cha takriban mita 700. Upande wa midomo ya mito, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, nanga inashika vizuri kwenye mchanga na matope. Upande wa mlima ni pambo.

Mimi nikarukia kufungua kava ya mashine. Kijana, mwenye akili kunishinda, akarukia tanga. Alilitweka nusu tu, boti likashika njia, mawe yakaanza kwenda nyuma. Tulipokuwa mbali ndipo nilipotazama tenki: kile kizibo kidogo cha kuingiza hewa kilikuwa kimefungwa. Petroli ilikuwa inavutwa, hewa haiingii, tenki limejikunja kama chupa ya maji iliyonyonywa. Nikakilegeza, nikaminya pampu ya mkono, nikavuta kamba mara mbili, ikawaka. Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, nikamwambia kijana, na nikanunua mimi samaki siku hiyo.

Hakuna mashine kati ya hizi tatu inayokukinga na kizibo kilichofungwa. Na tangu siku hiyo utaratibu wangu ni mmoja: mashine ikizima karibu na nchi kavu, tanga kwanza, kava baadaye. Kukiwa hakuna upepo, chukua makasia. Asubuhi mara nyingi ziwa linakuwa kimya, na mashine ikifa katika ukimya huo hasara yako ni jua na maneno ya mkeo.

Zinavyozima

Kabla ya kugusa spana, kumbuka ilivyokufa. Iliyosinzia, ikainuka, ikasinzia tena, ina njaa ya mafuta: kizibo, maji kwenye petroli, filta, uchafu kwenye kabureta. Iliyokufa ghafla kama taa iliyozimwa ina tatizo la moto: waya, koili, au ile kamba ya usalama ya kuzimia imechomoka kwa sababu umeikalia. Iliyokufa ikiwa ya moto sana, na kabla ya hapo ilikuwa haikojoi, yaani ule mrija wa maji pembeni umekauka, usiivute tena. Pampu yake ya maji imekula mchanga au mfuko wa plastiki umeziba mguu. Ikiwa injini inalia kwa nguvu lakini boti haliendi, pangaboi limeshika wavu, au pini yake imekatika.

Sasa tofauti zao.

Tustroki hufa mara nyingi zaidi, ila kwa magonjwa mepesi. Plagi inalowa oili, hasa ukitembea polepole muda mrefu ukisubiri upepo. Unafungua plagi, unafuta, unaweka nyingine, umemaliza kwa dakika tano hata boti likicheza. Za hosipawa 15 nyingi zina silinda mbili, na hilo ni jambo kubwa: moja ikigoma, nyingine inakuvuta hadi ufukweni, inamisi na kutetemeka, lakini inakufikisha. Fostroki ya 6 ina silinda moja. Ikikataa, imekataa yote.

Fostroki hailowi plagi ovyo, inawaka kwa mvuto mmoja au miwili, haitoi moshi, na kwa kazi ileile inakunywa pungufu kwa karibu theluthi. Udhaifu wake ni kabureta. Tundu la jeti ya silensa, linalopitisha petroli mashine ikiunguruma taratibu, ni jembamba kama unywele, na petroli iliyokaa humo mwezi mzima inakauka na kuacha utomvu. Dalili yake utaijua: inawaka ukivuta choki, inakufa ukiirudisha. Ziwani huwezi kuitibu; skrubu ni ndogo, mikono imelowa, na ukidondosha moja imekwenda kwa samaki. Kwa hiyo mtu anayeshuka Matema mara moja kila miezi miwili, na ndivyo tulivyo wengi wa Mbeya, ataumizwa na fostroki asipokuwa na tabia moja: siku ya mwisho kabla ya kupanda gari, chomoa mpira wa mafuta, acha injini iungurume mpaka ife yenyewe, kisha fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta umwage kilichobaki. Ninafanya hivyo kila safari. Sijafungua kabureta tangu niinunue.

Mkia mrefu una injini zilezile za hosipawa 6 na nusu wanazotumia wakulima wa mpunga Usangu kuvuta maji. Inapozwa na upepo, kwa hiyo habari ya pampu ya maji kula mchanga haipo kabisa. Bakuli la kabureta linafunguka kwa spana moja namba 10. Nilipoiazima ilikuwa inazima katika mawimbi bila sababu, inawaka yenyewe vizuri dakika moja baadaye. Siku ya tatu ndipo nikaambiwa baadhi ya injini hizi zina kihisi cha oili kinachokata moto oili ikihama upande mmoja. Shambani ni ulinzi mzuri. Kwenye boti linalolala kwa tanga ni mchawi.

Boti likipinduka

Hili watu hawaulizi dukani, na boti la tanga hupinduka. Maji ya Nyasa si ya chumvi, kwa hiyo una muda, lakini ni saa chache, si siku.

Tustroki iliyozama: toa plagi, ielekeze matundu chini, vuta kamba taratibu maji yatoke (ukihisi inagoma usilazimishe), mwaga kabureta, tia kijiko cha oili kwenye kila silinda, rudisha plagi kavu, washa, iache iungurume nusu saa. Nimefanya hivyo mara mbili ufukweni, ikapona.

Fostroki inataka hayo yote na zaidi, kwa sababu maji yameingia pia kwenye oili yake na kuigeuza rangi ya maziwa. Mwaga oili, weka mpya, washa kidogo, mwaga tena, weka mpya tena. Je, una lita mbili za oili safi Matema Jumapili jioni? Mkia mrefu unatibiwa vivyo hivyo, ila injini yenyewe ni rahisi kuipata nyingine.

Barabarani ni hivyohivyo. Tustroki unailaza unavyotaka ilimradi kichwa kiwe juu kuliko mguu na maji yameshatoka. Fostroki ina upande wake wa kulalia, umechorwa kwenye kava. Ukiilaza vibaya oili inapanda kwenye silinda na kukatalia kamba ukifika. Mwambie konda kabla hajaitupa kwenye buti. Akisema “nimeelewa bosi” bila kutazama, iweke mwenyewe.

Fundi wa wapi?

Hapa ndipo pesa zinapopotelea, na ndipo nilipojifunza kwa maumivu.

Mwanjelwa, pale Mbeya mjini, kuna mafundi wa pikipiki wenye mikono ya dhahabu. Koili, plagi, kabureta, kamba ya kuwashia, vyote wanaviweza. Kisichopatikana kirahisi ni vitu vya mguu: impela (feni ya mpira) ya pampu ya maji, sili za kuzuia maji yasiingie kwenye oili, gia. Hivyo huja kama kifurushi cha basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na ukitaja namba ya mashine vibaya kifurushi kinarudi na wewe unalipa tena. Kwa mkia mrefu swali hili halipo. Spea zake zimejaa kwenye maduka ya pampu kuanzia Mbeya hadi Igurusi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote.

Lakini kuna kitu ambacho hata fundi mzuri hakifikirii. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko chini ya mita 500. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mashine iliyokuwa sawa ziwani ikiwashwa kwenye pipa la maji Mwanjelwa inaonekana inakunywa kupita kiasi: moshi mwingi, silensa nzito, plagi nyeusi. Fundi anaona ugonjwa, anaitibu. Wa kwangu alipunguza mafuta kwenye skrubu, akabadilisha na jeti akaweka ndogo. Pale gereji iliimba. Niliporudi Matema, kwenye hewa nzito, mafuta yakawa hayatoshi, na tustroki inayokosa petroli inakosa na oili, maana vinakuja pamoja. Ilikimbia vizuri ajabu kwa wiki mbili, kisha pistoni ikakwaruza silinda. Sikumrudia yule fundi, wala sikugombana naye. Alitengeneza mashine ya Mbeya, mimi nilikuwa na mashine ya Kyela.

Basi, kama unaipeleka mjini, ipeleke kwa kazi za kubadilisha vifaa. Mwambie fundi asiguse jeti, na skrubu ya silensa uimalizie mwenyewe ufukweni, mguu ukiwa ziwani. Fostroki ndogo nyingi zina skrubu iliyofungwa kiwandani. Hiyo ni heri, na hata ikikosa mafuta kidogo bado oili yake iko tumboni, haifi haraka kama tustroki.

Ukinunua iliyotumika kutoka pwani, kumbuka imekunywa chumvi. Sisi huku hatuhitaji kuisuuza mashine kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, lakini iliyotoka baharini huenda njia zake za maji zimeshaziba. Iwashe dakika kumi kwenye pipa na uangalie mkojo wake una nguvu gani.

Mafuta

Nitapita haraka. Kyela mvua haina adabu, na dumu lililojaa nusu linatengeneza maji ndani yake lenyewe. Jaza kituoni, epuka petroli ya kupimwa kwenye chupa, na weka filta ya kioo unayoweza kuona maji yamekaa chini. Tustroki ina kazi ya ziada ya kuchanganya. Nyingi zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita, lakini fuata kitabu cha yako. Anayeongeza oili “kwa usalama” ndiye anayelowesha plagi.

Kurudi ufukweni

Matema mchana wa Julai mawimbi yanavunjika pale pale unapotaka kutua. Fostroki ya 6 unaiinua kwa mkono mmoja, unamalizia kwa makasia. Ile ya 15 nilikuwa naiinua nikiwa nimegeuzia mawimbi mgongo, na mara moja yaliingia tezi yote. Mkia mrefu ndio mfalme wa maji mafupi, unanyanyua bomba tu. Ila hauna rivasi, wengi hauna hata fri ya kuachanisha injini na pangaboi, na pangaboi likiwa hewani linazunguka usawa wa magoti ya watoto waliokuja kukupokea. Hapo ndipo nilipourudisha kwa mwenyewe.

Umeme? Kwa kutoka na kuingia mita mia chache asubuhi tulivu, sawa. Kwa kupambana na upepo wa Agosti, betri itaisha kabla ya upepo.

Sasa uchague ipi

Tustroki yako, vuta kamba taratibu uhisi. Ukisikia migomo miwili yenye nguvu sawa, kompresheni ipo. Fungua skrubu ya oili ya gia. Ikitoka kama chai ya maziwa, ni sili, si kifo. Mashine ya namna hiyo itengeneze: impela mpya, mipira mipya ya mafuta, plagi, sili, na utaishi nayo miaka mingine. Ikiwa silinda moja ni laini kama pampu ya baiskeli iliyochoka, usitie pesa. Watu hutengeneza pistoni, kisha inafuata beringi, kisha koili, na mwisho wamelipa bei ya mpya kwa awamu.

Fostroki ya 6, mguu mrefu, ndiyo ningemwambia mtu anayetaka kusafiri kwa tanga na kutumia mashine nusu saa kwa siku, mwenye nidhamu ya kumwaga kabureta. Asiye na nidhamu hiyo, na anayejijua, abaki na tustroki.

Mkia mrefu ni wa anayekaa kulekule, anayetembea karibu na midomo ya mito, na hana watoto ufukweni.

Yoyote utakayochukua, kwenye boti langu kuna ndoo yenye kifuniko: spana ya plagi, plagi mbili, plaizi, bisibisi, pini za pangaboi, kipande cha mpira wa mafuta na vibano vyake, kamba ya kuwashia ya akiba, kisu cha kukatia nyavu. Majaketi ya kuokolea hayamo kwenye ndoo, tunayavaa. Tustroki yangu ya zamani, baada ya kuchongwa silinda upya na kurudishiwa jeti yake, iko kwa yule kijana wa Ikombe. Ananiambia inawaka vizuri, na kizibo cha tenki amekitoboa msumari.